Bossa Nova ya Bamia

Wasichana wenzangu wa kazi za nyumbani, wa Riyadh na huku Jeddah, leo nimejianika mwenyewe, tena sebuleni, mbele ya wageni.

Bosi wangu anapenda sana muziki wa Brazil unaoitwa bossa nova. (Mwaka wa kwanza nilidhani anasema Bosi Nova, nikawa nangoja huyo bosi mwingine afike.) Kila Ijumaa baada ya chakula huweka gitaa moja na mwanaume anayeimba kama ananong'ona mtoto asiamke. Bosi aliniambia nyimbo hizo zimemzidi umri. Lakini bado nazisikia kila mahali: kwenye lifti ya hospitali, duka la viatu, mpaka simu ya benki ukiambiwa usubiri. Nadhani hazizeeki kwa sababu hazimpigii mtu kelele. Zinaingia taratibu, halafu unajikuta unapiga pasi kwa mdundo wao.

Maneno siyajui, kwa hivyo nilitia yangu ya Kiswahili. Ubeti wa kwanza unasema madam, mke wa bosi, amefunga friji kwa kufuli. Wa pili, tangu Jumapili ni mimi na bamia, bamia na mimi. Wa tatu, nataka kwenda kwetu Kitale nimwone mama kabla hajasahau sura yangu. Hapo sauti hushuka yenyewe.

Leo madam alikuwa na wageni wa kike. Nilikuwa jikoni naosha vikombe, nikajisahau, nikaimba. Madam akatokea mlangoni. Nilifikiri nitagombezwa, kumbe amefurahi, maana Kiswahili hajui hata neno. Akanishika mkono akanipeleka sebuleni niwaimbie wageni. Ombi langu la likizo liko kwake tangu mwezi jana, hajasema ndiyo wala la, ningekataaje? Nikaimba beti zote tatu, kwa madaha, macho nimeyafumba. (Nani alinituma kufumba macho?)

Nilipoyafumbua, mama mmoja mzee alikuwa ameziba mdomo kwa mtandio, mabega yanamtikisika. Anaitwa Bi Zuwena. Alikuja hapa na wazazi wake kutoka Unguja akiwa mtoto. Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu.

Madam akamuuliza wimbo unasemaje. Bi Zuwena akanitazama, kicheko kikamwisha usoni, akajibu kwa Kiarabu, polepole, hata mimi nikaelewa: anamlilia mama yake. Madam akasema nitakwenda kwetu mwezi ujao, atamwambia bosi akate tiketi.

Nilipompelekea Bi Zuwena kahawa, akaniinamia sikioni.

"Mwanangu, la mama ndilo lililonigusa. Hayo ya bamia nimeyameza mimi."

Nikarudi jikoni. Nililia na nilicheka, sijui kipi kilitangulia.

Sasa madam anataka niimbe tena Ijumaa kwa wakwe zake, na wale wana dereva wa Mombasa. Mwenye ubeti wa heshima anitumie mapema, na tafadhali asinicheke.