Bibi Agnes Hapendi Jazi

Jumatatu, 5 Februari

Nimekatwa nusu. Corinne, meneja wetu mpya, kaniita ofisini hata sijapangusa theluji kwenye koti. Kanimiminia kahawa kwa mkono wake mwenyewe. Hapo hapo nikajua kuna msiba.

Kasema kuanzia kesho, kipindi changu cha asubuhi, cha saa moja mpaka saa tatu, kitaishia saa mbili. Kutoka saa mbili mpaka saa tatu itapigwa jazi. Jazi! Kwenye kituo cha redio cha muziki wa klasiki! Ndani ya kipindi ambacho Duluth nzima imeamka nacho tangu nikiwa na nywele! Nikamwambia wasikilizaji wangu watazimia. Akasema wasikilizaji wako wanazeeka, Lyle, na sisi tunaishi kwa michango yao. Kasema ni majaribio tu mpaka michango ya wasikilizaji ifungwe wiki ijayo. Simu zitaamua.

Simu zitaamua. Maneno mazuri hayo. Nimeyatia mfukoni.

Na mpigaji wa hiyo jazi si mtangazaji hata! Ni daktari wa meno! Everett Tibbs, amewang'oa meno nusu ya mji huu. Kazoea kuongea na watu walioachama, hakuna wa kumbishia, basi anajiona msemaji. Kaja na sanduku la santuri na sweta la kijani. Kanishika bega, eti kaka Lyle, mimi nimekua nikikusikiliza. Amekua! Mtu ana mvi mpaka puani!

Jumanne, 6 Februari

Jazi imepigwa. Nilikaa karibu na simu nikisubiri hasira ya umma. Simu ya kwanza, mwanamume wa bandarini, kapaka mkate siagi huku anacheza. Ya pili, mama mmoja anauliza jina la mpiga saksafoni. Ya tatu, mke wangu. Marlys! Anapiga kusifu! Jioni nikamuuliza imekuwaje. Akasema kwani kupenda jazi ni siri?

Hakuna aliyelalamika. Tabu ya watu wa huku ni hiyo, hawalalamiki. Mkanyage mtu mguu, atakuomba radhi kwa kuuacha njiani. Lazima apatikane mtu wa kulalamika kwa niaba yao.

Jumatano, 7 Februari

Bibi Agnes Tollefson amezaliwa leo kwenye choo cha watangazaji, akiwa na umri wa miaka themanini na minane. Mjane. Anaishi na paka. Sauti yake: pua imebanwa kidogo, leso juu ya simu, namba imefichwa. Kapiga kituoni katikati ya jazi, na Tibbs kampokea moja kwa moja hewani! Hilo sikulitegemea. Ila mimi ni mtu wa kazi, sikutetereka. Agnes akasema mwanangu, hizo tarumbeta zinamtia paka wangu wazimu, nirudishieni Lyle wangu. Akaongeza kwamba Lyle ana sauti ya dhahabu. Hilo lilimtoka tu.

Nikarudi studio nimkute Tibbs kanywea. Wapi! Anachekelea. Alishamjibu asante mama, sijagombezwa vizuri hivi tangu mama yangu mzazi afariki, kesho nitakutafutia wimbo laini, ukikukera nipigie unigombeze tena. Kamuuliza na jina la paka. Sonata, ilinibidi niseme, kwa pua.

Sasa mji mzima hauzungumzii jazi. Unamzungumzia Agnes. Eti anaishije peke yake kwenye baridi hii?

Ijumaa, 9 Februari

Mabakuli! Watu wa huku wakisikia kuna mpweke hawasemi pole, wanawasha tanuri. Nyama ya kusaga chini, supu ya uyoga ya kopo katikati, viazi juu. Kisha wanabandika utepe kwenye tako la bakuli na kuandika jina la mwenyewe, ili bakuli lirudi. Meza ya mapokezi haionekani. Tibbs kashika funguo za gari, anauliza mama yetu anakaa mtaa gani. Nikasema namfahamu, ni mtu wa haya, hamfungulii mlango mtu yeyote isipokuwa mimi.

Corinne kaniangalia kwa jicho jipya. Kasema Lyle, kumbe una moyo. Nilifurahi mpaka nilipofika mlangoni, ndipo lile neno kumbe likaanza kuniuma.

Nikapakia mabakuli kwenye buti la gari, nikaegesha kando ya ziwa. Kutupa chakula siwezi, sikulelewa hivyo. Nikala. Chenye jina la Bi. Lindquist kwenye utepe kilikuwa kitamu ajabu. Ikabidi Agnes apige simu kumshukuru, kisha ndipo aitukane jazi. Adabu ni adabu.

Kufika nyumbani, bakuli la moto mezani. Nikashika kijiko. Marlys kanipiga kofi mkononi. Hilo ni la Agnes! Wewe kula mkate, maskini bibi wa watu hana mtu.

Jumatatu, 12 Februari

Mambo yananiendea kombo. Agnes analalamika kila asubuhi, na kila akilalamika michango inapanda. Wanachangia kwa heshima yake! Wanachangia ili Tibbs apate wimbo wa kumlainisha! Watu wanachelewa kazini wakisubiri leo atasema nini.

Leo Tibbs kapiga kitu cha piano, taratibu, na ngoma inapigwa kama mtu anayefagia chumba cha pili. Nilikuwa chooni, simu sikioni, nasubiri zamu ya kulalamika. Nikaona mguu unatikisika. Wangu. Tibbs akauliza mama unasemaje? Agnes akasema, huo si mbaya sana.

Si mimi niliyesema! Ni yeye! Studio nzima ikalipuka kwa vifijo, niliwasikia mpaka chooni. Nimesalitiwa na bibi niliyemzaa mwenyewe.

Mchana nikiwa ziwani nikatafuna karanga za sukari za Bi. Lindquist. Jino limepasuka.

Jumanne, 13 Februari

Madaktari wa meno wote wamejaa mpaka Machi. Mwenye nafasi ni mmoja. Na najua ni nani.

Tibbs kanilaza kwenye kiti, kanijaza pamba na vyuma mdomoni, ndipo akaanza maongezi. Eti kaka Lyle, keshokutwa tunafunga michango, si umlete Bibi Agnes studio tumkabidhi kikombe cha kituo, na watu wamwone? Nikasema aaah-aah. Ilikuwa hapana! Hapana ya wazi, mtoto mdogo angeielewa! Akasema nilijua tu utakubali, ndugu yangu. Mpaka namaliza kutema pamba keshampigia Corinne, na Corinne keshatangaza.

Jumatano, 14 Februari

Nimefikiri kumkodi bibi wa kweli. Nikaogopa. Wa kweli angesema anachotaka.

Basi afe. Nikapiga simu kwa sauti nzito, mimi mpwa wake: shangazi ametutoka usingizini, kwa amani, hakuna mazishi, paka yuko salama. Nikatoka chooni nikamkuta Corinne ameketi sakafuni, machozi tele. Kaninyooshea mikono, pole Lyle, pole sana.

Na mimi nikalia. Sikuigiza! Yalitoka yenyewe, mpaka Corinne akaniletea karatasi za chooni. Miaka yote hii nani mwingine amewahi kupiga simu kusema nina sauti ya dhahabu? Hakuna. Marlys mwenyewe hajasema. Agnes alikuwa msikilizaji wangu bora kuliko wote, na nimemuua kwa mkono wangu. Nina uchungu naye hadi ninapoandika hapa.

Ila jazi imempoteza mtu wake, na michango inafungwa kesho. Saa yangu inarudi!

Alhamisi, 15 Februari

Haikurudi.

Waliandaa kumbukumbu hewani. Nikaombwa niseme machache, maana mimi ndiye pekee niliyeingia kwake. Nikasema vizuri, najisifu. Nikasema alipenda fidla na utulivu, na neno lake la mwisho kwangu lilikuwa klasiki, asubuhi yote, bila kukatizwa. Mafundi walikuwa wanapenga kamasi. Nikamwachia Tibbs kipaza sauti.

Tibbs kakohoa. Kasema kwamba yeye hakupata bahati ya kumwona mama yetu, ila Jumatatu sote tulimsikia. Akapiga rekodi ya kile kipande: huo si mbaya sana. Sauti yangu! Pua yangu! Mji mzima unalia! Simu zikawaka zote kwa pamoja, na michango ya kumkumbuka ikapita ya mwaka wowote.

Na huku kwetu marehemu akichangiwa hivyo, lazima kitu kipewe jina lake. Wengine hupewa benchi. Wengine mti. Agnes kapewa asubuhi. Saa moja mpaka saa tatu, jazi na klasiki zikichanganywa, jina ni Asubuhi ya Agnes, mtangazaji Daktari Everett Tibbs. Nilikuwa nimenyang'anywa saa moja, sasa zimekwenda zote mbili! Mimi nimepewa Jumapili alfajiri, kinanda cha kanisani. Corinne kanikumbatia, kasema Agnes angefurahi sana.

Angefurahi! Mimi ndiye ninayejua Agnes angefanya nini.

Jumamosi, 17 Februari

Marehemu hahitaji mabakuli, wenyewe wanayataka. Nimezunguka nyumba kwa nyumba kuyarudisha, na kila nyumba lazima nikae, ninywe kahawa, nisimulie siku zake za mwisho. Bi. Lindquist kauliza alipenda nini zaidi. Nikasema karanga. Kalia, kisha kanifungia nyingine niende nazo.

Marlys kapokea lake, akalinusa, akaligeuza. Kauliza mbona gari linanuka uyoga. Nikasema ni yale mabakuli. Kauliza mbona mkanda wangu umesogea tundu. Nikamwambia huzuni huvimbisha mwili, ni jambo la kitabibu. Akaenda kukunja nguo. Mabega yalikuwa yakimtikisika. Bado anamlilia Agnes, mke wangu ana roho laini.

Jumanne, 20 Februari

Nimelipata! Sijui kwa nini sikuliona mapema!

Agnes alikuwa na kosa moja tu, upole. Alilegea. Lakini ana dada! Hildur, miaka tisini na mmoja, mkali, kaja mjini kukusanya vitu vya marehemu, na hataki kusikia jina la mdogo wake likichanganywa na tarumbeta. Sauti: pua naibana zaidi, naongeza kikohozi. Leo kapiga simu kwa mara ya kwanza. Kamwambia Tibbs aone haya. Tibbs kasema hewani, jamani, mama yetu ana dada! Bado nasubiri hilo lizae matunda.

Nimefika nyumbani, tanuri linawaka. Marlys kasema kasikia habari za Hildur. Mtu mzima, mgeni, mfiwa, lazima ana njaa, nimpelekee. Kanipa bakuli, uma na kitambaa cha kuwekea mapajani. Kasema nimpelekee kabla hakijapoa, nitafune upande wa kushoto, na nisiegeshe ziwani upepo ukivuma. Sijui ziwani kumetoka wapi.

Nikaligeuza bakuli nihakikishe kaandika jina lake, lisije kupotea. Kwenye utepe kaandika LYLE.

Masikini Marlys. Msiba huu umemchanganya, mpaka jina lake mwenyewe analikosea. Sikumwambia, nisije nikamwaibisha. Kesho asubuhi Hildur anapiga tena, na safari hii hakuna wa kumlainisha.