Zambarau Iliyokataa Kuondoka Ihanja

Ndugu Mwenyekiti wa mkutano huu, Ndugu Katibu wa Mwenyekiti, Ndugu Msaidizi wa Katibu ambaye hakufika, mabalozi wa nyumba kumi kumi, wazee wangu shikamooni, Bwana Hirji uliyetuazima kitambaa cha meza kutoka dukani kwako, akina mama wa Sepuka mliotembea tangu alfajiri, nanyi vibarua wa Kigoma mlioacha wake zenu ili kuchimba msingi wa taifa. Mimi, Afisa Mratibu wa Uratibu wa Viwanda Vidogo Vikubwa, nasimama hapa nikiwa nimeshiba furaha na kuku wenu. (Makofi.)

Kiwanda chetu cha alizeti hapa Ihanja, ambacho kwa mujibu wa plani, sabuplani na fizibiliti kimekamilika kwa asilimia mia moja na nne, ingawa wenye macho ya kurudi nyuma wanadai wanaona mtaro tu, leo kimetoa mafuta yake ya kwanza, ndiyo haya yaliyojaa chupani hapa mezani. Na kwa kuwa niliahidi kwa kinywa hiki kwamba siku mafuta yakitoka lori litawarudisha vibarua makwao, basi mnaondoka leo jioni! (Vigelegele. Kibarua Bonifasi wa Kasulu: "Ndugu Afisa, mzigo nimeshafunga!") Kaa chini, Bonifasi. Sayansi kwanza.

Wapinga maendeleo wanauliza kama haya ni alizeti kweli. Nimewaletea kemestri! Unga huu unaitwa potasiamu pamanganeti, na ukiutia majini, maji yanakuwa zambarau, kama mnavyoona. Mwalimu Kristina wa sekondari amenikaririsha hivi: ndani ya mafuta ya alizeti zimo kaboni zilizoshikana kwa mikono miwili, yaani daboli bondi. Pamanganeti akizikuta hivyo anavunja mshiko mmoja, na kila mkono ulioachwa wazi anaushikisha oksijeni, na kwa kazi hiyo yeye mwenyewe anapoteza zambarau yake, anabaki tope la kahawia. Akipata moto na nguvu, anakata mikono yote miwili, na waliokuwa pamoja wanakuwa vipande mbalimbali, sawasawa na operesheni yetu ilivyowahamisha nyinyi vibarua, kwa faida yenu. (Bonifasi: "Kipande changu kiko Kasulu, kinanisubiri!" Kicheko.) Mafuta ya mashine, kwa upande wake, yameshikana mkono mmoja mmoja, hayana cha kuvunjwa, na zambarau hubaki ilivyo. Hilo halituhusu.

Tazameni! Namimina zambarau chupani. Natikisa. Produkisheni! Efishensi! Natikisa kwa niaba ya Mkoa. (Zambarau inabaki.) Leteni chupa ya pili. Ya tatu. Leteni zote! (Zote zinamiminiwa, zote zinatikiswa. Bi Mwanvua wa Sepuka: "Baba, mbona haiondoki?") Haiondoki kwa sababu ni imara, mama, kama mimi. (Bonifasi anasogea mezani, ananusa chupa: "Jamani, hii ni oili ya gari!")

Ndugu wananchi, tusigombane na lugha. Nilimwagiza dereva wangu, Gasto, kwa Kiswahili fasaha: "Gasto, tafuta mafuta ya kuweka mezani." Hakuuliza kama ni ya kula, ya kujipaka au ya mashine, maana mafuta ni mafuta, na Gasto ni mtiifu. Na ya alizeti angeyatoa wapi, ikiwa mashine hazijaagizwa, na ramani ya kiwanda itachorwa na mtaalamu ambaye bado hatujamteua?

Alizeti juu! Daboli bondi juu! (Mtu mmoja: "Juu," kisha anakohoa.)

Namalizia kwa shukrani. Asante Bwana Hirji kwa kitambaa, ambacho sasa kina madoa ya zambarau. Asanteni akina mama kwa kuku. Na shukrani za pekee kwa vibarua wa Kigoma, ambao lori lao lilikuwa linangoja oili mpya tu ili liondoke, na oili yenyewe ndiyo hii tuliyokwisha kuichanganya na maji kwa ajili ya sayansi.

Ndugu Bonifasi, fungua mzigo.