Siku Mkurugenzi Alipolazwa

Muuguzi anayetafuta kazi hutambulika hata akiwa amekupa mgongo. Viatu vyeupe vimesuguliwa mpaka vinang'aa, na bahasha ya vyeti imekumbatiwa kama mtoto mwenye homa. Akigeuka, utaiona saa iliyobanwa kifuani, kichwa chini miguu juu. Asubuhi hiyo Mkurugenzi alikuwa anakunywa chai kwenye kibanda kilicho mkabala na ofisi ya mganga mkuu, akamwona mmoja anatoka, anasimama kwenye ngazi, anatazama kushoto na kulia kama mtu asiyejua nyumbani ni upande gani.

"Ee Mungu, nashukuru," Mkurugenzi alinong'ona, akaiacha chai nusu kikombe. Alikuwa mtu wa shukrani. Hakuwahi kumtapeli mtu kabla ya kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kumleta, na mimi huwa najiuliza sala hizo zilipokelewa kwa uso gani huko juu.

Hakuwa mkurugenzi wa kitu chochote. Cheo alijipa siku aliponunua tai, akaona tai peke yake haitoshi.

"Pole na mahangaiko, sista," alimwambia. "Wamekuambia urudi mwezi ujao."

"Umejuaje, kaka?"

"Ndiyo salamu yao. Wewe mgeni huku?"

"Nimemfuata mume wangu, kahamishiwa huku kikazi. Tulikotoka nilikuwa msimamizi wa wodi ya wanaume. Huku wananiambia wenyeji kwanza."

"Wenyeji," Mkurugenzi alisema, akashika shavu kama neno limempiga kwenye jino bovu. "Na nyumbani wanakuelewa?"

Sista akacheka kidogo, cheko lisilo na raha. "Mama mkwe kila asubuhi ananiuliza wagonjwa wangu wanaendeleaje. Anajua sina hata mmoja. Nimebakiwa na cherehani, ndiyo inatupa mboga."

Moyo wa Mkurugenzi ukaruka kwa furaha. Cherehani huuzika.

Akamweleza habari za hospitali binafsi inayokaribia kufunguliwa, yenye lifti, bustani, na mshahara unaofika kabla ya mwezi kwisha. Yeye ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kutafuta wauguzi. Ada ya usajili ilikuwa ndogo tu, takriban bei ya cherehani.

"Nitalipa," Sista alisema, "ila nionyeshwe wodi kwanza. Kazi ya wodi siombi gizani."

Hakuna mwingine aliyewahi kudai wodi. Wauguzi waliomtangulia Sista walilipa, wakaambiwa wasubiri barua, na kila siku walikuja kukaa kwenye benchi nje ya ofisi ya Mkurugenzi, iliyokuwa nyumba ya wageni iliyokosa wageni. Mkurugenzi alikuwa ameilipia kodi mpaka mwisho wa mwaka kwa sababu mwenye nyumba, mzee mmoja mbishi, alikataa kodi ya miezi miwili mitatu. Kodi ile ilimuuma mno. Sasa akaona itamfaa. Vitanda vilikuwemo.

"Njoo Ijumaa kwa usaili wa vitendo," alisema. "Wodi utaikuta."

Ijumaa hiyohiyo jioni alipanga kupanda basi na kutoonekana tena. Tiketi ilikuwa mfukoni. Ada zote za watu wa benchi zilikuwa ndani ya mkoba wa ngozi aliojifunga kiunoni chini ya shati, mkoba asiouvua hata akioga. Aliusogeza tu upande usiopata maji.

Daktari alipatikana kwa urahisi. Shemeji yake, mume wa dada yake, alikuwa kinyozi mwenye koti jeupe na sauti nzito.

"Mimi sijui udaktari," Shemeji alilalamika.

"Nani kakuuliza? Utamfunika mgonjwa shuka, utaguna mara mbili, utamwachia sista."

"Na mgonjwa nani?"

"Mimi. Ndiyo usaili wa kisasa, shemeji. Mwajiri anajilaza mwenyewe aone anavyohudumiwa."

Ijumaa Sista alifika na ada mkononi. Mkurugenzi aliipokea mlangoni, akageukia ukutani kwa heshima, na cherehani ya watu ikazama mkobani. Kisha akapanda kitandani na viatu vyake, akalegeza shingo, akatoa mlio wa maumivu uliowatisha watu wa benchi.

"Nifungue kwa sala?" Sista aliuliza.

"Fungua, dada yangu." Mkurugenzi aliwapenda sana wanaosali. Aliyefumba macho hakagui chumba. Sista akasali kwa ufupi, Shemeji akaitikia amina ya kidaktari, usaili ukaanza.

Shemeji akashika shuka. Na hapa ndugu msomaji tumhurumie, kwa kuwa mikono iliyofanya kazi moja miaka yote haiulizi mwenye mikono. Aliikung'uta hewani mara moja, pwaa, akaizungusha shingoni mwa mgonjwa, akaifunga fundo kisogoni. Akamwinua kidevu kwa vidole viwili, akamgeuza kushoto, akamgeuza kulia, akampuliza shingoni. Halafu akaguna mara mbili kama alivyoagizwa.

Sista aliitazama mikono ile. Akatazama fundo. Akatazama kitana kilichochomoza kwenye mfuko wa koti jeupe. Kisha akatabasamu, na Mkurugenzi kule kitandani akafurahi, akidhani wodi imempendeza.

"Mgonjwa huyu ni wa kutibiwa na kurudi, au wa kulazwa?" Sista aliuliza.

"Wa kulazwa," Mkurugenzi alijibu mwenyewe, maana ilikuwa na hadhi zaidi.

"Basi nifuate utaratibu wote wa kumpokea?"

"Wote. Ukiruka hatua, umeshindwa."

"Sawa, Mkurugenzi. Daktari, naomba maji ya uvuguvugu." Shemeji akatoka mbio; maji ya uvuguvugu alikuwa anayajua. Sista akafungua mlango wa benchini. "Mwenzangu mmoja aje. Vitu vya mgonjwa hupokelewa na wauguzi wawili."

Akaingia muuguzi wa kiume, mrefu, mwenye mabega yaliyozoea kuinua watu. Alikuwa amesubiri barua yake mpaka viatu vyake vyeupe vikawa vya kijivu.

"Vitu gani tena?" Mkurugenzi aliuliza.

"Vyote, baba. Mgonjwa halali na vitu vya thamani. Viatu." Viatu vikatoka. "Saa. Simu. Tai itakukaba. Shati. Suruali."

"Suruali pia?"

"Tuandike kwamba hatua hiyo imerukwa?"

Suruali ikatoka pamoja na tiketi. Akavikwa gauni la wagonjwa ambalo Sista alikuja nalo kwa ajili ya usaili ndani ya bahasha kubwa, lile la kufungwa kamba mgongoni. Yule Mrefu akanyoosha kidole kiunoni.

"Na huo."

"Huu ni... mkanda wa mgongo. Nina mgongo."

"Mgongo utatazamwa na daktari," Sista alisema kwa upole, na vidole vyake vikafungua kifungo kabla Mkurugenzi hajapata ugonjwa mwingine. "Usiwe na wasiwasi, baba. Kila kitu kitarudi kwa mwenyewe. Sasa fumba macho nikuombee, ndiyo hatua ya mwisho. Mgonjwa hafumbui mpaka amina."

Angefanya nini? Usaili ulikuwa wake. Akafumba.

"Ee Mungu," Sista alianza, "mtazame mja wako aliyelala hapa. Umponye ugonjwa alio nao, si ule anaouigiza." Mkurugenzi akaona maneno hayo ni mazito, akatikisa kichwa. "Umjalie apumzike. Wale waliokaa kwenye benchi, kila mmoja umrudishie chake." Sauti ilikuwa inasogea. "Leo hii. Mikononi mwao."

"Amina," Mkurugenzi alisema kwa moyo wote.

Kufuli likalia kwa nje.

Alipofumbua macho, wodi ilikuwa na mgonjwa mmoja tu. Nje palisikika kelele za watu wanaoitana majina, wakigawana kilicho chao, mmoja akilia, mwingine akicheka. Alikimbilia dirishani. Lilikuwa na nondo, naye alikuwa na gauni lisilo na upande wa nyuma.

"Sista, tuzungumze."

"Mgonjwa arudi kitandani," ilijibu sauti ya yule Mrefu.

Shemeji alitokea dirishani na ndoo ya maji ya uvuguvugu.

"Shemeji, nipe koti lako."

"Nina mteja dukani," Shemeji alisema, akaiweka ndoo chini taratibu, akaondoka na koti lake.

Basi la jioni liliondoka. Honi yake ilisikika mpaka wodini.

Jua lilipokuwa linazama, mlango ukafunguliwa. Sista aliingia na nguo zimekunjwa vizuri. Hata viatu vilikuwa vimepigwa rangi. Alimkabidhi kimoja kimoja: saa, simu, tai, tiketi ya basi lililokwenda. Mwisho mkoba, mwepesi kama ganda la yai.

"Kagua. Kimepungua chochote chako?"

Mkurugenzi akafikiri sana. Cha kwake hakikupungua.

"Daktari wenu alikung'uta shuka vizuri," Sista alisema. "Mume wangu hunyolewa hivyo hivyo. Polisi tungewaita, ila mwenye nyumba alipita, akatukuta, akatuletea kazi. Mama yake kapooza, anatafuta wa kumhudumia nyumbani. Jirani yake naye ana mgonjwa. Tumemwambia kesho tunakwenda kwa mganga mkuu kuomba kibali cha kuhudumia wagonjwa majumbani, sote wa benchi, na ofisi tunayo. Kodi kasema imelipwa mpaka mwisho wa mwaka."

Mkurugenzi akafunga tai polepole. Kodi ile ilimuuma upya, mahali palepale.

"Umeruhusiwa kwenda nyumbani," Sista akamwambia. Mkurugenzi alipofika mlangoni, akamwita. Watu wote wa benchi walikuwa wamesimama kumsikiliza. "Mkurugenzi, hujaniambia. Usaili nimefaulu?"

Akamtazama, akatazama zile jozi za viatu vyeupe.

"Umefaulu," alisema. "Kazi umeipata."

Tangu avae tai, hiyo ilikuwa ahadi yake ya kwanza kutimia, na ilimbidi aende kwa miguu.