Ndiyo ya Mzee Iko Njiani

Jumatatu, 3 Juni

Ushindi! Kazi ya kurusha harusi ya mpwa wangu nimeipata mimi. Siyo Lenzi.

Lenzi ndiye mpiga video wa mtaani kwetu. Ana kizibao chenye mifuko mingi kuliko vitu vya kuweka humo, na ukimsalimia anafumba jicho moja kama anakupima mwanga. Alikuja kwa dada na kamera tatu shingoni. Mimi nilikuja na simu yangu na baiskeli ya mikate, maana sijamaliza kuzungusha mikate ya asubuhi.

Shida yenyewe ni Mzee. Baba yetu kavunjika mguu, kalazwa hospitali mji wa mbali, mguu umening'inizwa juu. Kusafiri hawezi. Na mpwa wangu, ambaye Mzee ndiye aliyemlea tangu ananyonya kidole, kasema hashiki kalamu ya kusaini ndoa mpaka amsikie babu yake akisema kwa mdomo wake kwamba yuko radhi. La sivyo kila mtu arudi kwao na nguo zake nzuri.

Lenzi akasema atarekodi vizuri kabisa, Mzee atatazama baada ya wiki mbili. Nikacheka mpaka nikagonga kengele ya baiskeli. Nikasema mimi narusha laivu! Mzee ataona kwenye TV kubwa ya wodini, inashika intaneti, nesi mwenyewe kaniambia. Ukoo mzima utaona, popote ulipo. Mzee atajibu kwa simu yake. Dada akauliza kwa nini nisimpigie tu simu ya video. Nikamwambia simu ya Mzee ni ya vitufe, dada, hiyo video itapita wapi, kwenye tundu la chaji?

Akasema haya. Ila kama mpaka Ijumaa haijakaa sawa, kazi ni ya Lenzi. Na nikimharibia mwanawe siku yake, nitamkoma. Dada huwa hatanii.

Jumanne, 4 Juni

Jaribio la kwanza. Simu nimeifunga kwenye mpini wa baiskeli kwa mpira wa tairi. Stendi hiyo, tena ina magurudumu! Nikarusha nikiwa sebuleni kwa dada, nikampigia nesi kwa simu ya dada. Akasema wanaona kitu. Kitu gani? Kama gunia lililovaa kofia, akasema.

Ni mimi.

Mbio kwa fundi simu. Akaniuliza, bisibisi mdomoni, kama najua video inasafirije. Nikasema hewani. Alicheka bisibisi ikadondoka.

Kumbe hivi: video haitumwi nzima. Simu inaipiga, inaibana iwe ndogo, inaisukuma kwenye mashine kubwa wanayoita seva. Huko inakatwa vipande, kila kimoja cha sekunde chache. Kila kipande kinatengenezwa kinene, cha wastani na chembamba. TV ya mtazamaji ndiyo inayoagiza, kipande baada ya kipande. Mtandao ukiwa mzuri inachukua kinene, picha inang'aa. Mtandao ukichoka inachukua chembamba, picha inakuwa ukungu, lakini haikatiki.

Nikapiga meza. Mkate! Ni mkate wa kukatwa! Miaka yote hii nafanya kazi ya intaneti bila mtu kuniambia!

Fundi akasema sebuleni kwa dada mtandao ni hafifu, simu yangu inaubana mkate unakuwa biskuti. Nikaisogeza baiskeli dirishani. Nesi akasema sasa wanaona mpaka kifungo kinachokosekana kwenye shati langu. Ushindi!

Jumatano, 5 Juni

Kuna jambo. Nimesimama mbele ya simu, nikapunga mkono, nikamuuliza nesi kama wameniona. Bado. Nikapunga tena. Bado. Nikakata tamaa, nikaanza kujikuna mgongo kwa mwiko wa dada. Ghafla wodi nzima inashangilia: kapunga! kapunga! Baadaye tena, nimeshakaa zangu nakunywa chai, nasikia kicheko cha watu wagonjwa mpaka naogopa watatonesha vidonda. Wameufikia mwiko.

Mzee akachukua simu ya nesi, akaniambia nilichelewa kutembea, nilichelewa kusoma, nikawahi kuacha shule, na sasa hata picha yangu imechelewa. Akakata. Lakini nilimsikia anacheka. Mzee kunichekea mimi! Naandika kwa kalamu nyekundu.

Fundi akasema ndivyo ilivyo. Kukata vipande kunakula muda, kusafiri kunakula muda, halafu TV haianzi kula kipande cha kwanza. Inasubiri sahani iwe na akiba ya vipande kadhaa, ili gari la mkate likikwama njiani, watu mezani wasijue. Jumla yake karibu nusu dakika. Laivu inaitwa laivu kwa heshima tu.

Alhamisi, 6 Juni

Nimegundua kwenye simu sehemu ya kupunguza kuchelewa. Fundi sijamuuliza. Mtu mwenye akili anamuulizia nini fundi? Nikapunguza mpaka mwisho, nikaualika ukoo mzima waje kushuhudia.

Dakika ya kwanza, moto! Napunga, wanaona hapo hapo. Dakika ya pili mtandao ukakohoa kidogo tu, na akiba kwenye sahani hakuna. Picha ikaganda. Ingeganda kwangu ningeshukuru. Ikaganda kwa dada, ambaye alikuwa ndiyo kwanza ameingia kunigombeza kwa sababu ya mwiko. Mdomo wazi, jicho moja limefumba, mwiko juu.

Mashangazi wameifanya stika. Wanaitumia kutakiana usiku mwema.

Lenzi alifika jioni kumpa dada pole. Na kadi yake. Akaniuliza kwa upole kama mikate inauzika.

Ijumaa, 7 Juni

Nimerudisha akiba kwenye sahani. Jaribio la mwisho: picha kali, haijaganda hata mara moja, mashangazi wamepiga vigelegele. Dada akatazama kwa dakika nyingi, mikono kiunoni, akasema haya, Lenzi aje kama mgeni. Ushindi mkubwa!

Ile nusu dakika sijaitaja. Nusu dakika ni kitu gani? Mtu akipiga chafya na kutafuta leso imeshapita.

Mzee nimemwelekeza mwenyewe, kupitia kwa nesi. Simu aishike mbele ya mdomo kama mtangazaji wa redio. Macho na masikio yote kwenye TV. Asijichanganye na kusikiliza simu.

Jumamosi, 8 Juni

Siku ndiyo hii. Ukumbi umejaa. Mpwa wangu kapendeza mpaka nikasahau kuwa ndiye aliyewahi kuniangushia akwario yangu, samaki wote chini. Baiskeli nimeipaka rangi, nimeiweka mbele kabisa. Lenzi safu ya nyuma, kizibao chote kimenuna. Simu ya dada iko mezani, spika wazi, Mzee yuko hewani na TV ya wodi inanguruma nyuma yake.

Msajili wa ndoa, mama mwenye miwani ya kamba, akaigeukia baiskeli yangu. Akauliza kwa adabu: Mzee, uko radhi mjukuu wako aolewe na kijana huyu?

Kimya.

Mpwa wangu kalamu ameiweka chini. Msajili akakohoa. Dada akanitazama, na mimi nikatazama dari. Msajili akasema labda Mzee anakusanya maneno, acha yeye aendelee na swali linalofuata. Akaugeukia ukumbi. Je, kuna yeyote mwenye pingamizi juu ya ndoa hii?

Simu ikafoka: "NDIYO! NDIYO KABISA! TENA KWA MOYO WOTE!"

Mama wa bwana harusi akakaa pasipo na kiti. Bwana harusi akaniangalia mimi, sijui kwa nini. Nikairukia simu, nikamfokea Mzee aiweke sikioni. Wapi! Iko mdomoni, kama nilivyomfundisha. Mpwa wangu machozi yanamtoka, anauliza babu kaona nini kibaya. Msajili akavua miwani, akauliza kama kuna mtu humu ndani anayeelewa kinachoendelea.

"HAKUNA!" akajibu Mzee. "ATOKE WAPI!"

Hapo nikapanda kwenye kiti. Nikawaambia ukweli wa mkate. Kwamba Mzee yuko nyuma yetu nusu dakika, anajibu maswali ya zamani. Ile ndiyo ni ya kuridhia. Ile hakuna ni ya pingamizi. Vipande viko njiani, jamani, sahani haijajaa!

Dada akaanza kuvua kiatu. Lakini msajili akainua mkono, akauliza tena swali la kwanza, polepole, kisha akaamuru mtu yeyote asifungue mdomo mpaka mkate ufike.

Sijawahi kusikia ukumbi wa harusi umenyamaza hivyo. Feni inazunguka. Bwana harusi anameza mate tunamsikia. Mpwa wangu kaishika simu kwa mikono miwili. Nikawaza: kama mtandao utakatika sasa hivi, nahama mji kwa baiskeli hii hii.

Sauti ya Mzee ikaja, safari hii ya chini. Akasema mbona ameshasema, lakini atarudia. Yuko radhi. Huyo mtoto amembeba mgongoni huku akipalilia, leo anamwona kwenye TV amevaa kama malkia, na wodi nzima inalia, hata yule wa kitanda cha pili aliyesema hapendi harusi.

Mpwa wangu akasaini huku analia. Ukumbi ukalipuka! Vigelegele, makofi, watu wanakumbatiana. Na katikati ya shangwe simu ikapiga kelele: mbona mmeganda nyie? Nesi! Hebu igonge hii TV, watu wote wamekuwa sanamu!

Msajili alicheka mpaka miwani ikadumbukia kwenye keki.

Jumapili, 9 Juni

Mzee kapiga simu. Kasema kwa mara ya kwanza nimefanya kitu kikafika mwisho. Kikachelewa, lakini kikafika. Lenzi naye kaja kimya kimya kuulizia mpira ule wa tairi nimeununua wapi. Dada kanipa ule mwiko wake uwe kumbukumbu.

Basi mikate itabidi inisamehe, kipaji kimeshajulikana. Usiku huu wazo limenijia: shule ya udereva kwa laivu! Mwanafunzi yuko barabarani na gari, ananitazama kwenye simu. Mimi niko kitandani nimenyoosha miguu, naelekeza. Bwana harusi kapewa gari na hajui kuendesha, ndiye mwanafunzi wa kwanza. Tunaanza kesho, sokoni, asubuhi kukiwa na watu wengi wa kutushangilia.

Nikisema kata kona, anakata. Nikisema breki, anakanyaga breki. Hapo kitaharibika nini?