Mashine Inayokosea Mchana

Jumatatu, 10 Februari
Mashine ya kupimia imefika kwenye karakana yangu hapa Mbotela! Ni mtumba kutoka kiwanda kilichofungwa, lakini inapima hadi unene usioonekana kwa macho. Norah, mwenye vinu vya unga, anataka shafti mpya, ule mhimili wa chuma unaozungusha kinu. Fundi ambaye shafti yake itaingia sawasawa kwenye beringi, ile pete inayoishika, Ijumaa, ndiye atakayepewa kazi ya vinu vyote. Ooko, jirani na mpinzani wangu, hupimia kwa mkono, kwa kalipa kuukuu ya babake tu. Nilimwonea huruma hadi chai ya saa nne.

Jumanne, 11 Februari
Mashine inadanganya. Ilikuja na kipande cha chuma ambacho urefu wake unajulikana, cha kuijaribia. Asubuhi ilikisoma sawa. Mchana ikazidisha. Mwingine angelia. Mimi nimefurahi: kosa lenye tabia linafugika. Nitalichora, nilitungie fomula, niwe nalitoa kwenye kila kipimo. Ooko, ambaye huniita Profesa, akauliza kama Profesa anachora ramani ya kwenda kwao. Kipande hakitoki mfukoni mwa shati langu, asije akakiazima.

Jumatano, 12 Februari
Mchoro unapanda vizuri ajabu! Kosa huongezeka jua likichoma mabati, zaidi nikishakunywa uji, na leo liliruka nilipotoka kugombana na Ooko. Nimemwingiza Ooko kwenye fomula. Mke wangu Mbithe akauliza anayemchukia Ooko ni mashine au ni mimi. Nikasema sayansi haina chuki. Akasema haya, Baba Shiku, ugali unapoa.

Ijumaa, 14 Februari
Nilipima shafti mbele ya Norah, nikatoa kosa, nikatangaza iko sawa. Beringi ikaikataa. Tukasukuma. Ooko naye akaja kusaidia kusukuma, kwa moyo mweupe kabisa. Wapi. Nikatoa kile kipande mfukoni kumthibitishia Norah kwamba mashine ndiyo mbaya. Akakishika, akasema kina joto kama yai lililotoka chini ya kuku, na chuma kikipata joto si hufura?

Nikaupapasa mfuko wa shati langu. Ulikuwa na joto.

Mashine haikukosea hata siku moja. Nilikuwa nakiatamia kipimo, na shafti nikaiacha nene kwa kutoa kosa lisilokuwepo. Shafti ya Ooko ikaingia kama mguu kwenye ndara. Vinu vyote vimeenda kwake.

Jumamosi, 15 Februari
Nimeamka na furaha. Fomula haikuwa mbaya, ilipungukiwa na kitu kimoja tu: mimi! Mbithe ameshauri niache kipande mezani. Mezani, Ooko akione? Nimenunua kipimajoto cha kwapani. Kabla ya kila kipimo nitajipima mwenyewe, nitoe joto langu kwenye hesabu. Mbithe amenishika paji la uso, akasema leo niko moto sana.

Joto hilo nimeliandika kwenye mchoro.