Salamu za Dakika Moja

Jumatatu, 4 Agosti

Mtambo mpya wa simu umefika hotelini. Ule wa zamani uliliwa na chumvi ya bahari mpaka ukawa unalia wenyewe bila kupigiwa. Huu ni wa kidijitali. Sanduku jembamba, taa za kijani, kimya kama bibi harusi. Fundi wa Mombasa ameufunga ukutani, akasema kuzipanga laini ni juu yetu, akaenda zake.

Meneja wetu, Bi Rispah, akatuita mimi na Kenga wa mapokezi. Atakayezipanga laini zikakaa sawa kufikia Jumamosi ndiye Msimamizi wa Mawasiliano. Atapewa ofisi. Ofisi yenye mlango! Miaka yote hii hapa Diani nimekuwa fundi wa simu wa chini ya ngazi, mimi na ndoo za deki. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza. Kenga akaniuliza, kwa upole wa kinafiki, kama najua kwamba huu haupangwi kwa koleo. Nikamwambia mitambo yote ni ndugu. Sijui nilimaanisha nini. Lakini nilisema kwa sauti nzito.

Jumanne, 5 Agosti

Nimezipanga! Karibu. Kosa moja dogo tu: simu zote za nje ziliingia jikoni. Mjerumani aliyetaka chumba cha kutazama bahari aliulizwa na mpishi kama anataka samaki wa kupaka au wa kukaanga. Akasema wa kupaka. Nimerekebisha.

Kisha mshtuko. Kumbe simu za nje zote hupita kwenye laini kuu moja. Mafundi huiita trunki. Mimi naiona kama bomba. Na bomba letu lina njia nne tu! Watu wanne wakizungumza, wa tano anaambiwa laini zina shughuli. Asubuhi hii zote zilijaa. Nikasikiliza kidogo (mtambo unaruhusu, Mungu anisamehe). Iddi wa stoo na muuza samaki wa Shimoni: wamefika kwenye mguu wa mjomba. Mama wa dobi na dadake wa Bongwe: watoto, mmoja mmoja, kuanzia kifungua mimba. Mtunza bustani na mtu wa Kombani: mvua. Njia ya nne: "Na huko kwengine je?" Wote bado ni salamu, hakuna hata mmoja aliyefika kwenye shida iliyomfanya apige!

Kenga akashauri tununue njia zaidi. Bi Rispah akakunja uso. Hapo ndipo nilipokiona kisanduku kwenye menyu ya mtambo: ukomo wa kila simu. Nikaandika dakika moja. Nani kama mimi?

Jumatano, 6 Agosti

Ushindi! Njia ziko wazi kama barabara siku ya Idi. Bi Rispah, ambaye kwao ni bara na salamu zake ni neno moja, ameniambia, "Sefu, hiyo imeweza!" Nimeshapima dirisha la ofisi kwa ajili ya pazia.

Mchana Iddi akaja kutoka stoo, kichwa kimemchemka. Muuza samaki amekatika akiulizwa habari za mguu. Akapiga tena. Salamu hazianzii katikati, basi wakaanza upya. Wakakatika palepale. Sasa yule bwana anaamini Iddi amechoka na mguu wa mjomba wake. Leo pweza hakuja. Wageni wamekula mayai.

Nikamshauri Iddi asalimie haraka haraka. Akanitazama kama niliyemwambia aswali haraka haraka.

Alhamisi, 7 Agosti

Subhanallah! Siku mbaya kuliko zote.

Bi Subira wa Msambweni anamwoza bintiye. Alitaka bustani yote na vyumba vyote, harusi kubwa kuliko zote msimu huu. Bi Rispah amekuwa akiingoja simu yake kama mvua ya vuli. Nikaomba niipokee mwenyewe, ili sifa zote ziwe zangu.

Alipiga. Shikamoo, marahaba, nyumbani hawajambo, kimya. Nikashangaa. Akapiga tena, tukaanza upya, kimya tena. Nikailaumu minara ya Ukunda. Mara ya tatu alikuwa ananieleza kwamba wifi yake yuko kitandani. Nikavuta pumzi niseme pole. Kimya!

Nilikuwa nimesahau kwamba ukomo haumjui aliyeuweka.

Adhuhuri akaja mtu wa bodaboda na ujumbe wa mdomo, akausema mbele ya wageni, neno kwa neno, maana ndivyo alivyoagizwa. Kwamba kwao simu haikatwi kama kamba ya mbuzi. Kwamba mtu akitajiwa mgonjwa husema pole, hata akiwa hana haya. Kwamba harusi inakwenda hoteli ya jirani.

Bi Rispah aliketi kwenye ngazi. Sijawahi kumwona ameketi. Akasema harusi ikipotea, na mimi hapa sina kazi. Kenga alitabasamu tu, taratibu, kama anayefungua zawadi.

Ijumaa, 8 Agosti

Mke wangu Mejumaa alisikia yote kabla sijavua viatu. Akaniambia niende kwa miguu yangu, nibebe halua, na nisithubutu kutaja mtambo. Baada ya swala nikaenda Msambweni.

Nilipokewa kwa baridi. Nikaketi mkekani. Nikaanza kusalimia. Nikamsalimia Bi Subira, nikaulizia wanawe na shamba la Mbodze wa jirani ambaye simjui. Nikaingizwa kwa wifi, nikampa ile pole niliyodaiwa. Halua ikakatwa. Kahawa ikaja. Alasiri ikaadhiniwa, bado hatujafika kwenye harusi.

Mwisho Bi Subira akacheka. "Kumbe kusalimia wakujua, babu wee! Ule ufedhuli ulitoka wapi?"

Ulimi ukaniteleza, nikasema ni mashine.

"Na mashine iliadibishwa na nani?"

Nikanywa kahawa. Kikombe kilikuwa kitupu.

Akasema atapiga kesho. Akiachwa amalize maneno yake, harusi ni yetu. Akikatwa, hata halua nije niichukue.

Jumamosi, 9 Agosti

Niliuondoa ukomo Bi Rispah akiwa amesimama nyuma ya shingo yangu. Bi Subira akapiga asubuhi. Akazungumza mpaka chakula cha mchana. Harusi ameitaja mwisho kabisa, kwa sentensi moja: haya basi, tutakuja.

Bi Rispah akaruka! Akanikumbatia! Kisha akampa Kenga ofisi.

Sikuamini masikio yangu. Akanieleza kwamba mimi ni wa watu, si wa mashine. Kuanzia sasa wateja wakubwa nitawaendea majumbani, na mtambo nisiuguse hata kwa fagio. Kenga akanipa mkono. Akaniambia, "Mzee wangu, karibu ofisini wakati wowote. Ila upige hodi."

Jumapili, 10 Agosti

Nimetafakari sana. Nimeona kosa lilipokuwa, na silo wanalolidhani. Ukomo ulikuwa sawa. Tatizo ni kwamba salamu hufanywa na watu, na watu hawana mpango.

Leo Kenga yuko mapumzikoni na nywila ya mtambo hajaibadilisha. Nimeingia. Nimerekodi sauti yangu. Kuanzia kesho kila anayepiga atasalimiwa kwanza na mtambo, kwa ukamilifu, akiachiwa nafasi ya kujibu, ndipo aunganishwe na mtu akiwa ameshamaliza salamu. Hakuna atakayelalamika. Hata Bi Subira ameshughulikiwa:

"Kama una mgonjwa nyumbani, bonyeza moja. Kama ameshazidiwa, bonyeza mbili."