Ada ya Kwato

Stanslaus Nyamhanga alipofika Itiryo na kuona watu wamebeba mapaa ya nyumba zao vichwani, alijua riziki imemwita. Ulikuwa mwaka wa kuhamia vijiji vya ujamaa. Tangazo lilikuwa limesomwa, na wazee kwa vijana wakawa wanasogea walikoambiwa. Stanslaus, aliyefukuzwa ukarani wa mahakama kule Tarime kwa kuuza hukumu kabla hakimu hajaitoa, akawatazama kwa dharau. Mtu anayehama kwa tangazo, akawaza, atashindwaje kulipa ada kwa tangazo?

Akavaa kaunda suti, akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Magige, mtu ambaye tumbo lake lilifika kabla ya salamu.

"Ndugu Mwenyekiti, wizara imetunga kanuni mpya. Ng'ombe wanachakaza barabara za umma. Kila boma litatoa mbuzi mmoja. Ada ya kwato."

"Mbuzi? Si fedha?"

"Kwani fedha wanayo?"

Magige akafikiri kidogo, wala si kuhusu kanuni. "Na mwenyekiti anayehamasisha?"

"Ana fungu lake, ndugu. Serikali haimsahau anayeisaidia."

Mbiu ikapigwa. Wazee wakanung'unika kwa Kikurya, wakalaani kwa Kikurya, kisha wakalipa kwa Kiswahili. Mjane mmoja, Bi Boke, alimleta mbuzi wake wa pekee, tena mwenye mimba. Stanslaus akampokea bila haya, akamwambia taifa linamshukuru.

Asubuhi iliyofuata akaliswaga kundi kuelekea Sirari, ambako mnunuzi alikuwa tayari kuwavusha mbuzi mpakani hadi Isebania. Fungu la mwenyekiti alilisahau kwa makusudi. Magige hakulisahau. Alimvizia na mgambo wake pale kwenye josho, watu wakiwa wamejaa na ng'ombe wao wa kuogeshwa.

"Simama, ndugu ofisa. Mbuzi hawa wana kwato?"

"Wanazo."

"Na hii ni barabara ya umma. Ada yake nusu ya kundi."

"Nusu! Nani kasema?"

"Kanuni. Nimeitunga leo asubuhi."

Angenyamaza, angefika Sirari na nusu yake. Lakini mwizi akiibiwa hugeuka hakimu. Ukarani wa zamani ukampanda kichwani.

"Huna mamlaka!" akafoka. "Ada haitungwi na kila mwenye tumbo! Hata waziri hawezi kutoza mpaka sheria ya Bunge impe ruhusa. Na akipewa, hazidishi hata kuku mmoja juu ya alichoruhusiwa. Tena lazima itangazwe kwenye Gazeti la Serikali. La sivyo, ni wizi mtupu!"

Bi Boke, aliyemfuata mbuzi wake hadi hapo, akasogea mbele.

"Mura, kijana wangu, umesema vizuri. Sasa hii ya kwako, Bunge liliipitisha lini?"

Stanslaus akaanza kurudi nyuma kuelekea kwenye mbuzi.

"Mwizi!" akapiga ukelele Magige, wa kwanza kabisa, na kwa sauti kubwa kuliko wote.

Wakamsukumia joshoni na kaunda suti yake, akaibukia upande wa pili kama ndama. Kisha wakamfungia kwenye ghala la kijiji kungoja polisi. Humo ndani, akinuka dawa ya kupe, akamsikia Magige akiwahutubia watu waliorudishiwa mbuzi wao: sasa kila boma lilete jogoo, kumshukuru mwenyekiti kwa kukamata tapeli.

"Tuonyeshe kwanza gazeti, Mwenyekiti," akajibu Bi Boke, na sauti yake ilikuwa tayari inakwenda mbali, pamoja na mlio wa mbuzi.